Maswali ya Wasomaji: Laptopu Inapogoma Kuwaka

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na sentensi moja, "laptopu yangu haiwaki," lakini ukizisoma hadi mwisho unakuta kila mwandishi anaeleza ugonjwa wake. Mmoja haoni taa hata moja, mwingine anasikia feni ikivuma huku skrini ikiwa nyeusi, wa tatu anaona maandishi yanayosema diski haipatikani. Tangu kitufe kinapobonyezwa hadi Windows itokee, mashine hupita hatua zinazofuatana: umeme huingia kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine), saketi ndogo za volti 3.3 na volti 5 huamka, prosesa huanza kusoma BIOS (programu ndogo ya kuamsha mashine), RAM (kumbukumbu ya muda) hukaguliwa, skrini huwashwa, na mwishoni kabisa diski hutafutwa. Mara nyingi kifaa kibovu kipo pale safari hiyo ilipokatikia, na ndiyo maana katika majibu yafuatayo nitauliza kwanza mashine imefika wapi, kabla ya kuuliza nini kibadilishwe.

Umeme ulirudi kwa kishindo, laptopu ikazimika

*Bwana Fundi, hujambo? Juzi jioni umeme ulikatika hapa kwetu, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena na kurudi. Laptopu ilikuwa kwenye chaja. Tangu hapo haitoi taa wala sauti, na feni haizunguki. Fundi wa mtaani aliifungua, akainusa, akasema madabodi imeungua na inabidi ibadilishwe nzima, kwa bei inayokaribia ile ya laptopu nyingine ya mtumba. Je, nimwamini?* – Mwalimu, Kisumu

Sijambo, Mwalimu. Huenda fundi huyo amepatia, lakini kwa maelezo yako hajapima chochote, na pua haiwezi kutofautisha madabodi iliyokufa na kapasita moja (kipande kidogo kinachotunza chaji) iliyopasuka. Kabla ya kumrudia, anza na kifaa kilichokuwa karibu zaidi na soketi, yaani chaja, kwa kuwa ndicho kilichopokea pigo la kwanza. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa kwamba zinapokea volti 100 hadi 240, na umeme wa Kenya umekadiriwa kuwa volti 240, kwa hiyo unaporudi ukiwa umepanda, chaja inakuwa tayari imefikia ukingo wa kile ilichoundiwa. Mara nyingi hufa yenyewe na kuinusuru laptopu.

Azima multimita, iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC), kisha upime ncha ya chaja ikiwa imechomekwa ukutani tu. Usomaji unapaswa kukaribia namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chaja, ambayo kwa Dell na HP nyingi ni volti 19.5 na kwa Lenovo nyingi ni volti 20. Kwenye zile ncha nene za duara zenye sindano katikati, pima kati ya ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na usiiguse sindano. Sindano hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Inabeba utambulisho wa chaja, na ikivunjika laptopu huwaka kama kawaida lakini hukataa kuchaji betri na hupunguza kasi ya prosesa. Ni kosa linalowapotosha wengi, wakanunua betri mpya bila sababu.

Ikiwa chaja yako ni ya USB-C, usishangae multimita isipoonyesha kitu, au ikionyesha volti 5 tu. Chaja za aina hiyo husubiri kuunganishwa na kifaa, huanza na volti 5, kisha huzungumza na laptopu na kukubaliana kupanda hadi volti 20. Mita ndogo ya USB-C, ile inayochomekwa kati ya waya na mashine, itakuonyesha kama makubaliano hayo yanafikiwa. Yasipofikiwa, jaribu chaja nyingine na waya mwingine kabla ya kulishuku tundu la laptopu.

Sasa kuna jaribio jingine ambalo halihitaji chombo chochote, na ninashangaa ni wateja wachache kiasi gani wanaolijua. Ikiwa chaja yako ina taa, ichomeke ukutani kwanza uone taa ikiwaka, ndipo uichomeke kwenye laptopu huku ukiitazama taa hiyo. Ikizimika papo hapo, na kuwaka tena ukiichomoa chaja kwenye laptopu na kuianzisha upya ukutani, basi chaja ni nzima na inajilinda: ndani ya laptopu kuna shoti kwenye njia kuu ya umeme. Taa ikibaki inawaka na laptopu ikaendelea kunyamaza, hakuna shoti ya wazi kwenye njia hiyo, na uchunguzi unaelekea kwenye tundu la chaja, kitufe cha kuwashia, au saketi zinazoamsha mashine.

Kabla ya kwenda kwa fundi, iondolee laptopu umeme uliobaki ndani yake. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Kama betri imefungiwa ndani, itabidi kufungua kifuniko cha chini na kuchomoa kiunganishi chake. Baadhi ya ThinkPad zina kitundu kidogo upande wa chini ambamo unaingiza waya mwembamba wa kubania karatasi ili kufanya kazi hiyohiyo. Baada ya hapo rudisha chaja peke yake, bila betri ikiwezekana, na ujaribu kuwasha. Umeme unaopanda na kushuka huweza kuiacha saketi ndogo inayosimamia kitufe na chaji ikiwa imekwama, na kuikatia umeme wote kwa muda huifanya ianze upya. Haigharimu kitu, na si mara chache inatosha.

Haya yote yakishindikana, rudi kwa fundi ukiwa na maswali. Muulize umeme wa volti 19 unaingia hadi wapi kwenye madabodi, kama volti 3.3 na volti 5 za kudumu zipo, na kama amepima shoti kati ya njia kuu na ardhi. Karibu na tundu la chaja huwa kuna transista mbili zinazofanya kazi ya lango, na kandokando yake kuna kapasita ndogondogo za kauri. Umeme ukiruka, hizo ndizo huumia mara nyingi zaidi. Fundi mwenye chanzo cha umeme cha mezani huingiza volti ndogo kwenye njia yenye shoti na kutazama ni kipande gani kinachopata joto, akitumia kamera ya joto, au tone la spiriti linalokauka haraka zaidi juu ya kipande kibovu. Kapasita ya namna hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele na spea zake hutolewa kwenye bodi zilizokufa. Kubadilisha madabodi nzima ni uamuzi wa mwisho, na mtu anayeupendekeza anapaswa kukuonyesha kipimo kilichomfikisha hapo. Akikataa au akikasirika, chukua mashine yako. Katika mtaa kama Luthuli Avenue, Nairobi, hutakosa mtu mwingine mwenye mita.

Na ukifanikiwa, Mwalimu, nunua kile kifaa kinachotumika kukinga friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika kadhaa baada ya kurudi, ili laptopu isiwe ya kwanza kuupokea.

Taa inapepesa mara mbili, kisha mara tatu

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nilinunua RAM ya mtumba ili niongeze uwezo wa Dell Latitude yangu. Baada ya kuiweka, skrini imebaki nyeusi na taa inapepesa mara mbili kwa rangi ya chungwa, kisha mara tatu nyeupe, inarudia hivyohivyo. Nimeirudisha RAM ya zamani lakini hali ni ileile.* – Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Mashine yako imejieleza yenyewe, na umefanya vizuri kuhesabu. Kwenye Latitude nyingi za miaka ya karibuni, rangi ya chungwa mara mbili na nyeupe mara tatu maana yake ni kwamba hakuna RAM inayoonekana. Mbili kwa nne humaanisha RAM ipo lakini ni mbovu, mbili kwa tano kwamba ni ya aina isiyokubalika, mbili kwa moja kwamba tatizo lipo kwenye prosesa, na tatu kwa moja kwamba betri ndogo ya saa imekwisha. Jedwali hubadilika kidogo kati ya toleo moja na jingine, kwa hiyo lithibitishe kwenye kitabu cha huduma cha modeli yako, ambacho kampuni hukitoa bure katika tovuti yake. HP nao wana lugha yao: kupepesa kurefu mara tatu na kufupi mara mbili pia ni habari ya RAM.

Kwa kuwa RAM yako ya zamani ilikuwa ikifanya kazi, na sasa nayo haionekani, ninashuku zaidi jinsi ilivyorudishwa kuliko kufa kwake. Chomoa chaja na kiunganishi cha betri kwanza. RAM ikiingizwa au kutolewa wakati betri ya ndani bado imeunganishwa, unaweza kuunguza kile unachojaribu kuokoa. Ingiza kipande cha zamani peke yake kwa mwinamo wa kama digrii 30, ukisukume mpaka meno ya dhahabu yakaribie kutoweka, ndipo ukilaze hadi vibanio viwili vya pembeni vilie. Wengi hukilaza kabla hakijaingia vya kutosha, nacho hukaa kama kilichofunga huku nusu ya meno haigusi kitu. Meno yakiwa na ukungu, yafute kwa kitambaa kilicholowa spiriti safi. Jaribu tundu la kwanza, kisha la pili, na baada ya kila badiliko ipe mashine dakika mbili au tatu kabla ya kukata tamaa, maana baadhi ya laptopu hujizimisha na kujiwasha wakati zinapoitambua RAM upya.

Kuhusu ile uliyonunua, soma kibandiko chake. RAM ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, kizazi kilichofuata, kwa sababu pengo lake liko mahali tofauti, lakini DDR3 ya volti 1.5 huingia vizuri kabisa kwenye tundu la DDR3L ya volti 1.35, na laptopu inayotaka DDR3L pekee itakataa kuwaka. Wauzaji wengi wa mtumba huzichanganya kwenye boksi moja. Kama laptopu yako inataka DDR3L, herufi za PC3L ndizo unazozitafuta, ukiachana na PC3 tupu. Ukiipata inayofaa na mashine ikawaka, iendeshe programu ya MemTest86, inayoikagua RAM, usiku mzima kabla ya kuanza kuandika utafiti wako ndani yake.

Feni inazunguka, skrini nyeusi

*Assalaam alaykum. Laptopu ya dukani kwetu inawaka, feni inavuma na taa ya kibodi inaonekana, ila skrini ni nyeusi tii. Mara moja moja, nikiifungua kidogo kidogo, picha hutokea kisha hupotea.* – Msomaji, Unguja

Waalaykum salaam. Sentensi yako ya mwisho imenipunguzia kazi. Picha inayokuja na kuondoka kulingana na pembe ya kufunguka ni dalili ya kebo ya skrini, ile inayopita kwenye bawaba na kupindwa kila siku mpaka nyuzi zake zinakatika. Kubadilisha kebo hiyo ni rahisi kuliko kubadilisha skrini, kwa hiyo usikubali kuuziwa skrini kabla haijajaribiwa.

Kwa uhakika zaidi, iunganishe laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, basi madabodi, prosesa na RAM ni nzima na tatizo limebaki kati ya bodi na kioo. Kisha, chumba kikiwa na giza, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kioo kinachora lakini taa ya nyuma haiwaki. Kwenye Dell nyingi unaweza pia kushikilia herufi D huku ukibonyeza kitufe cha kuwashia, na skrini itajaza rangi moja baada ya nyingine bila kumtegemea Windows. Rangi zikitokea safi, kioo hakina hatia.

Kuna jambo moja linaloonekana kama mzaha. Laptopu hutambua kwamba imefungwa kwa kutumia sumaku ndogo kwenye ukingo, na sumaku ya bangili, ya kifuniko cha simu, au ya laptopu nyingine iliyowekwa chini yake inaweza kuidanganya ikazima skrini mchana kweupe. Kwenye meza ya duka lenye vitu vingi, sogeza kila kitu kabla ya kutafuta bisibisi. Na kwa kuwa mko pwani, mwombe fundi akiifungua aangalie kutu ya kijani kwenye viunganishi. Hewa ya chumvi hufanya kazi yake polepole, na kiunganishi kilichoota kutu hutoa dalili zilezile za kebo iliyokatika.

Diski haionekani, na fundi anataka kuweka Windows upya

*Fundi, habari za kazi? Laptopu yangu ya HP inawaka vizuri lakini inaleta maandishi "Boot Device Not Found" na namba 3F0. Kijana wa ufundi anasema aweke Windows upya itapona. Humo ndani kuna hesabu za kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, za miaka minne na hatuna nakala nyingine. Nifanye nini?* – Mama, Arusha

Njema, Mama. Usimruhusu aweke Windows upya. Maandishi hayo yanasema kwamba mashine imepita hatua zote, imefika kwenye diski, na haikupata kitu cha kuendelea nacho. Ama diski haionekani kabisa, ama inaonekana lakini mfumo ulio ndani yake umeharibika, ama mpangilio wa BIOS umebadilika na inatafuta mahali pasipofaa. Kuweka Windows upya kunaweza kuponya hali ya pili, lakini huandika juu ya diski hiyohiyo iliyobeba hesabu zenu, na katika hali ya kwanza hakutasaidia lolote.

Izime laptopu, iwashe tena huku ukibonyeza F10 ili kuingia BIOS, na utazame kama jina la diski limeorodheshwa. Kisha zima, washa huku ukibonyeza F2, na kwenye programu ya uchunguzi ya HP chagua jaribio fupi la diski. Kama diski haimo kwenye orodha, pengine imelegea. Kwenye laptopu zilizobebwa sana kwenye mabegi, kiunganishi huachia bila diski kuharibika. Mwambie kijana aitoe, asafishe, airudishe kwa uthabiti, na aangalie tena. Hilo pekee ndilo ninalomruhusu kwa sasa.

Kama ni diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka, weka sikio. Mlio wa "tik, tik, tik" unaojirudia ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia na kushindwa, na kila unapoiwasha unaongeza mikwaruzo. Hapo zima na usiwashe tena. Kazi hiyo ni ya mtu anayeokoa data kwa vyombo maalumu, nayo ni ghali, na ninyi kama kikundi ndio mtakaoamua kama hesabu hizo zinastahili gharama hiyo. Kama ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hakuna mlio wa kukuonya. SSD huweza kufanya kazi jioni na kutoonekana asubuhi, na ikifa kwa namna hiyo uwezekano wa kutoa kilichomo ni mdogo.

Kama inaonekana na jaribio limetoa onyo, bado una nafasi nzuri. Diski itolewe na kuwekwa kwenye kasha la USB, kisha iunganishwe na kompyuta nyingine. Makasha hayafanani: diski ya inchi 2.5 hutumia kasha la SATA, na SSD nyembamba za M.2 ziko za aina mbili za muunganisho, SATA na NVMe, ambazo kwa macho zinakaribiana lakini hazishiriki kasha isipokuwa limeandikwa kwamba linapokea zote mbili. Fundi mwangalifu hataanza kufungua mafaili moja moja kutoka kwenye diski inayokufa. Atatengeneza kwanza nakala nzima ya diski kwa programu kama ddrescue, ambayo husoma haraka sehemu nzima na kuziacha sehemu mbovu kwa ajili ya mizunguko ya baadaye, kisha atafanya kazi juu ya nakala hiyo.

Jambo la mwisho ambalo huwakuta watu wakiwa wamechelewa: laptopu nyingi zenye Windows 11 husimba diski kimyakimya, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine, au ukibadilisha madabodi, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha laptopu kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mtafute mwanakikundi huyo leo, akumbuke nywila yake kabla diski haijafika kwa fundi. Vitabu vya mkono mlivyoviacha kabatini pia msivitupe.

Chai imemwagika

*Nimemwagia laptopu chai ya maziwa. Jirani ameniambia niizike kwenye mchele kwa siku tatu. Imewaka kwa dakika chache, sasa haiwaki.* – Msomaji, Nakuru

Mchele uache jikoni. Hauvuti chochote kilichoingia chini ya vipande vya madabodi, na tatizo lako limeshapita maji: sukari na maziwa vikikauka huacha utando unaopitisha umeme na kula shaba. Chomoa chaja, usijaribu kuwasha tena hata kwa kuonja, na itolewe betri leo hii, kwa sababu kutu hukimbia pale tu umeme unapopita. Kisha madabodi itolewe nje na kusuguliwa kwa brashi laini na spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 99, hasa chini ya vifuniko vya bati na kuzunguka kiunganishi cha kibodi. Ikikauka vizuri, ndipo ipimwe. Kibodi yenyewe huenda isipone, nayo ni spea ya kawaida. Kuwaka kwa dakika chache baada ya ajali ndiko kulikokudhuru zaidi, kuliko chai.

Inazima yenyewe, na padi ya kugusa imeinuka

*Laptopu inawaka, inakaa dakika tano, inazima ghafla. Wakati mwingine inaonyesha maandishi ya hitilafu ya feni. Pia nimeona padi ya kugusa imeinuka upande mmoja.* – Msomaji, Dodoma

Umeandika matatizo mawili, na la pili ndilo la haraka. Padi inayoinuka mara nyingi inasukumwa na betri iliyovimba iliyo chini yake. Acha kuichaji, usiibonyeze ikae sawa, usiitoboe kutoa hewa, na ipelekwe betri itolewe na mtu anayejua. Laptopu nyingi huendeshwa bila betri kwa chaja pekee wakati unatafuta mpya.

Kuzima baada ya dakika tano ni joto. Vumbi la Dodoma hujenga zulia kati ya feni na mapezi ya shaba, hewa haipiti, na prosesa hujikatia umeme ili isiungue. Feni isafishwe kwa brashi huku ikiwa imeshikwa isizunguke, ijaribiwe kama inazunguka kwa urahisi kwa kidole, na grisi ya kupitisha joto juu ya prosesa ibadilishwe. Kama feni haizunguki kabisa, baadhi ya laptopu hukataa kuendelea kuwaka, na wala hazikosei.

Fundi anataka kuichoma chipu kwa mara ya tatu

*Nina laptopu ya zamani yenye kadi ya picha ya NVIDIA. Skrini ilikuwa ikionyesha mistari, kisha ikawa haiwaki. Fundi ameichoma chipu kwa hewa ya moto mara mbili, kila mara inafanya kazi wiki chache kisha inarudi kulekule. Sasa anataka kuichoma tena.* – Msomaji, Mwanza

Usimlipe. Ugonjwa huu una historia. Mwezi Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kwamba ingetenga kati ya dola milioni 150 na 200 za Marekani kwa ajili ya chipu za picha za laptopu zilizokuwa zikiharibika kutokana na udhaifu wa malighafi zilizotumika kuzifungasha. Laptopu nyingi za miaka ile ziliishia sokoni kama mtumba, nyingine zikafika Afrika Mashariki zikiwa zimeshatengenezwa kwa joto mara moja. Si wao pekee. Mwaka 2015 Apple nayo ilifungua mpango wa kutengeneza bure baadhi ya MacBook Pro za 2011 zilizokuwa na matatizo ya picha.

Mafundi wengi huamini kwamba risasi ya kulehemu iliyo chini ya chipu, inayoishikilia kwenye bodi, ndiyo iliyopasuka, na kwamba kuiyeyusha upya kunaiunga. Katika chipu za aina hii mpasuko uko ndani zaidi, kati ya silikoni yenyewe na kibao chake kidogo. Joto huzifanya sehemu hizo zitanuke na kugusana kwa muda, ndiyo maana inawaka, na kila inapopoa na kupata joto tena mgusano unalegea. Hata fundi akiitoa chipu na kuipandika upya kwa risasi mpya, ugonjwa umebaki ndani ya chipu hiyohiyo. Tiba pekee ni chipu mpya ya toleo lililorekebishwa, na kwa mashine ya umri huo gharama yake haina maana tena. Kama laptopu yako ina kadi ya pili ya picha iliyo ndani ya prosesa, uliza kama fundi anaweza kuizima ile mbovu kabisa. Baadhi ya modeli zinakubali, nyingi hazikubali.

Ukiamua kuiuza kama spea, skrini, RAM, kibodi na chaja bado vina wanunuzi pale Mwanza, na vikiuzwa kimoja kimoja huleta zaidi ya mashine nzima. Diski usiiuze pamoja navyo. Itoe, iweke kwenye kasha la USB, chukua mafaili yako, na ubaki nayo.